Msimu wa Kutosalimiwa

7 Novemba

Leo nimempeleka shemeji yangu polisi.

Mwigulu ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, Luka. Tangu Luka afukiwe na kifusi machimboni Geita, Mwigulu ndiye mwenye kauli juu ya mji huu, au ndivyo anavyoamini. Juzi alikuja akakaa kwenye kigoda, akasema ng'ombe wa Cornel wameshaingia zizini kwake, na Noela ataondoka akimaliza mtihani wa kidato cha pili. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya mvua.

Nikamwuliza, "Shemeji, nani amekubali?"

"Ukoo umekubali."

"Mimi si ukoo?"

"Wewe, mayu, uliolewa," akanijibu, akiniita mama kwa Kisukuma chetu, kisha akaomba maji ya kunywa. Nikampa. Akanywa yote, akashukuru, akaondoka.

Cornel ni tajiri wa hapa kijijini. Ana mwalo wa kuchenjulia dhahabu kule Buseresere, na hapa ana nyumba ya bati jekundu anamoishi mama yake. Ana umri wa kumzaa Noela.

Asubuhi nimekwenda dawati la jinsia. Afande wa kike alinisikiliza bila kunikatiza hata mara moja. Jioni gari lao likaja, likamchukua Mwigulu mbele ya watoto wake. Cornel alishapata fununu, akakimbilia Buseresere. Ng'ombe wamerudishwa kwao.

Mama mkwe wangu, Bibi Minza, anaishi na mimi. Mwigulu ni mwanawe wa kumzaa. Nilitegemea anilaani. Alikuwa anapembua mtama, akasema, "Umefanya vizuri. Sasa jiandae." Nikamwuliza nijiandae na nini. Akaendelea kupembua.

10 Novemba

Noela ameanza mtihani. Amevaa soksi nyeupe nilizomwazimia kwa Zipora, jirani yetu. Zipora na mimi tuliolewa mwaka mmoja, tumezikiana watoto.

14 Novemba

Mwigulu ametolewa kwa dhamana. Amepita barabarani bila kugeuza shingo.

16 Novemba

Dagashida, mkutano mkuu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Niliitwa nikaenda. Watu walijaa uwanja mzima wa shule ya msingi, wanaume mbele, wanawake nyuma, na mimi peke yangu katikati, juu ya mchanga.

Mtemi wa sungusungu ni Ngusa. Naandika ukweli: Ngusa si mtu mbaya. Luka alipokufa, ni yeye aliyekuja na maksai wake akanilimia shamba zima bila kudai chochote. Na leo hakunifokea. Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga mbuzi.

"Hatumchukii mama Noela. Lakini hapa tuna utaratibu. Mtu akikosewa anakuja kwetu, tunakaa, tunamaliza. Huyu amempeleka ndugu yake serikalini kabla hata hajatugongea mlango. Maana yake, sisi wote hapa ni takataka."

Nikaomba kusema. Nikasema, "Ningekuja kwenu, mngenirudishia mtoto wangu?"

Mzee mmoja alikohoa.

Ngusa akasoma hukumu. Asinisalimie mtu. Asiniuzie mtu, asinunue kwangu. Nisiazimwe plau, jembe, wala kaa la moto. Nikiugua nisibebwe, nikifiwa nisizikiwe. Atakayevunja atatoa mbuzi, na akirudia naye atengwe. Itakuwa hivyo mpaka nije nipige magoti hapo uwanjani na kufuta kesi. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Niliangalia. Mikono haikunyooka pamoja. Kwanza wazee wa mstari wa mbele. Kisha wa katikati wakawaangalia wazee. Kisha kila mtu akamwangalia jirani yake, na jirani naye akamwangalia yeye, na mikono ikapanda hivyohivyo kama moto wa nyasi. Nilimwona mwanamke aliyeniambia juzi kisimani kwamba nimewakomboa mabinti, naye alinyoosha. Zipora aliinua kiganja mpaka usawa wa sikio, akakishusha upesi kabla hakijahesabiwa. Hakuniangalia.

Nilirudi nyumbani nikipita katikati yao. Walinipisha vizuri, kama wanavyopisha gari.

17 Novemba

"Mwangaluka," nimesalimia kwenye pampu asubuhi, kama kawaida. Hakuna.

18 Novemba

"Mwangaluka." Hakuna.

21 Novemba

Mvua ya kwanza kubwa. Kila shamba lina maksai na kelele za kuswaga. Mimi na Noela tunalima kwa jembe la mkono. Ngusa amepita na maksai wake, walewale. Wanyama wakataka kuingia kwangu kwa mazoea, akawachapa.

25 Novemba

Mwigulu ametuma mtu amchukue mama yake, maana Bibi yeye hakutengwa. Mjumbe akasimama nje ya uzio, akapaza sauti kwa Bibi tu, kana kwamba mimi ni kisiki. Bibi Minza akamjibu, "Mwambie nimezeeka kuhamahama. Na mwambie mama yake naye ametengwa, kuanzia leo."

Nilicheka mpaka nikalia.

2 Desemba

Duka la hapa limekataa kuniuzia chumvi. Natembea mpaka kijiji cha tatu kununua. Muuzaji wa kule hanijui, akanisalimia: "Shikamoo mama." Nilisahau kuitikia. Akarudia, akidhani sikusikia.

14 Desemba

Pamba imeota. Ya kwangu ni mistari iliyopinda.

25 Desemba

Kanisani. Tulipoingia, watu wa benchi letu walihamia benchi la nyuma, taratibu, hata wimbo haukukatika. Mzee wa kanisa, Amosi, alihubiri habari za Yusufu na Mariamu kukosa pa kulala. Alihubiri vizuri, watu walitikisa vichwa kwa huruma. Mwishoni akasema tupeane mikono ya amani. Kanisa zima likasimama, watu wakashikana mikono kushoto na kulia, mbele na nyuma. Noela alinyoosha wake kwa msichana waliyesoma naye tangu chekechea. Yule msichana akamwangalia mama yake kwanza. Kisha akaficha mikono nyuma ya gauni.

Noela akageuka akanipa mimi. "Amani iwe kwako, mama." Mkono ulikuwa baridi.

8 Januari

Matokeo. Noela amefaulu, anaendelea kidato cha tatu. Tumeshangilia watatu ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini.

15 Januari

Nimegundua jambo kuhusu watu hawa. Mmojammoja hawana ubaya. Nikikutana na mtu peke yake njiani, anapunguza mwendo, mdomo unacheza, utadhani salamu imemfika kwenye meno. Wakiwa wawili, kila mmoja anamwogopa mwenzake. Wakiwa watatu ni ukuta. Nimeanza kuamini kwamba hakuna anayenichukia. Ingekuwa heri wangenichukia. Chuki ingewachosha.

27 Januari

Noela amerudi shule, akaweka begi chini. Nikamwuliza habari za leo.

"Leo ni mwalimu tu aliyetaja jina langu, mama. Kwenye mahudhurio."

"Na wenzako?"

"Wenzangu wana mama zao."

Nikamwambia avumilie. Mimi mwenyewe naitwa Vumilia, na nilipolitamka hilo neno lilinikera.

3 Februari

Jua. Mvua imekata. Pamba inanyauka mchana, inasimama jioni.

6 Februari

Bibi Minza anakohoa.

11 Februari

Bibi Minza amefariki. Nitaandika kidogokidogo, mikono ina malengelenge.

Juzi homa ilimpanda asubuhi, akawa haongei. Nikatoka mbio barabarani kutafuta pikipiki ya kumpeleka zahanati. Wa kwanza aliniona kwa mbali akageuza. Wa pili ni Stanslaus, ambaye Bibi alimkanda mgongo alipoanguka na pikipiki yake mwaka juzi. Alisimama. Nikamweleza. Aliangalia tanki la mafuta muda mrefu, akasema, bila kuniangalia, kana kwamba anazungumza na pikipiki: "Mimi nina watoto. Nikitengwa, nani atapanda hiki chombo changu?" Akawasha, akaondoka polepole. Hata kuondoka kwa kasi alishindwa.

Tukambeba, mimi na Noela, kwa shuka, kila mmoja kashika ncha zake. Tulifika kwenye mti wa njia panda, Noela akaniambia tupumzike. Tulipomlaza chini Bibi akafumbua macho, akasema kwa Kisukuma, "Mnanipeleka wapi na jua hili, ng'wanawane, mwanangu?" Hakusema tena. Tukageuza tukarudi na maiti.

Kilio changu kilisikika kijiji kizima. Kwetu mwanamke akipiga ukunga wa msiba, jembe linaachwa mtaroni, chungu kinaachwa mekoni. Nilipiga ukunga nikasikiliza. Nilisikia mtu anatwanga, na mchi haukukosa pigo hata moja.

Jana asubuhi alikuja Mwigulu na mkokoteni, na wanaume wanne. Walisimama nje ya uzio. Akasema kwa sauti ya juu, "Tumekuja kumchukua mama yetu azikwe kwangu, kwa heshima." Nikamwambia mama yake aliomba alazwe ubavuni mwa Luka, hapa, na yeye Mwigulu anajua, alikuwapo alipoomba. Nikamwambia, "Ingia umzike. Lango liko wazi."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Macho yalikuwa mekundu. Naamini alitaka kuingia. Alishika kabisa mti wa lango. Kisha mmoja wa wale wanne akamwambia kwa sauti ndogo, "Baba Ndaki, mbuzi," na Mwigulu akaachia mti. Hukumu aliyoiomba mwenyewe ilimsimamisha mlangoni kwa mama yake. Wakageuza mkokoteni.

Tukachimba, mimi na mwanangu. Udongo ulikuwa umekauka kama tofali. Mpaka mchana tulikuwa tumefika magotini tu. Watu walisimama barabarani wakituangalia, wengi, hata watoto. Wengine walilia. Niliwaona kwa macho yangu wakilia, wakifuta machozi kwa kanga, na hawakuvuka ule uzio wa minyaa unaonifika kiunoni.

Kisha nikasikia jembe lingine. Zipora alikuwa ameshaingia shimoni upande wa pili. Alikuwa amevua viatu. Alichimba kama mtu aliyekasirika, udongo ukinirukia usoni. Nikamwambia, "Zipora, mbuzi." Akasema, "Watamchukua. Nyamaza uchimbe."

Baada yake akaja mzee mmoja kiziwi, halafu mama mmoja mgeni, aliyehamia na mumewe kutoka Kigoma. Tulikuwa watano. Bibi Minza, aliyewakanda migongo watu wa kijiji hiki na kuwapokea nusu yao walipozaliwa, alizikwa na watano.

Nilipomaliza kusawazisha kaburi niliinua macho. Mwigulu alikuwa bado barabarani, amechuchumaa nyuma ya watu, amejifunika kichwa kwa koti.

13 Februari

Wamemchukua mbuzi wa Zipora.

16 Februari

Zipora kanisalimia kwenye pampu, kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Mwangaluka, mama Noela!" Nimeitikia vivyohivyo. Sasa naye ametengwa.

1 Machi

Mvua imerudi. Tunapalilia pamoja, leo kwangu, kesho kwa Zipora. Mume wake alitangaza kwa watu kwamba anamtenga mkewe kama sheria inavyotaka. Zipora akasema sawa, hakumpikia. Siku ya pili mume akala mihogo mibichi. Siku ya tatu tulimwona shambani na jembe lake, anapalilia mstari wa pembeni, mbali kidogo, ili ikiulizwa aseme hakuwa na sisi.

9 Machi

Yule mama wa Kigoma ameanza kuja kwetu. Amesema, "Mimi nilikuwa sisalimiwi tangu nihamie. Mnadhani nilihitaji mkutano?"

15 Machi

Leo nimeona watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wakiinua kidole kwenye mpini wa jembe nilipopita. Kidole tu. Nilifika nyumbani nikamwambia Noela: inavunjika. Subiri kidogo, inavunjika. Alikuwa anaosha sare. Aliitikia "ndiyo mama" bila kuinua uso.

20 Machi

Noela ameondoka.

Nilirudi kutoka kwenye shamba la Zipora nikiwa na furaha, maana tulikuwa wanawake wanne leo. Nikakuta sare imekunjwa vizuri juu ya kitanda, soksi juu yake. Nilidhani yuko chooni. Nilidhani yuko kisimani. Mwishowe nilifikiri kile nilichokuwa nakikwepa, nikakimbia mpaka nyumba ya bati jekundu.

Alikuwa uani kwa mama yake Cornel, anamenya viazi vitamu. Amefungwa kitenge kipya. Wanawake wa pale walikuwa wamemzunguka, wanacheka naye, mmoja anamsuka huku yeye anamenya. Sijaona uso wake umetulia vile tangu mtihani.

"Noela, simama twende."

"Hapana, mama."

"Nani kakuleta hapa? Mwigulu?"

"Nimekuja kwa miguu yangu."

"Cornel yuko wapi?"

"Yuko Buseresere. Hata sijamwona." Akaendelea kumenya. "Sikumfuata yeye."

"Umefuata nini basi? Umefaulu, mwanangu. Umefuata nini?"

Aliweka kisu chini. Hakunijibu kwa hasira. Ningepona kama angenijibu kwa hasira.

"Huku wananisalimia."

Wale wanawake wakaacha kucheka. Mama yake Cornel, bibi kizee wa watu, akainamisha kichwa kwa haya. Nilikuwa nimekwenda polisi, nimestahimili dagashida, nimemzika mama mkwe kwa mikono yangu, na leo nikarudi nyumbani peke yangu.

21 Machi

Nimekwenda kwa afande. Amekuja na gari. Cornel hayupo, na Noela amemwambia amekuja kumsaidia bibi kazi za nyumbani, hajaolewa na mtu. Afande amesema kwa sasa mikono yake imefungwa, ataendelea kumsaka Cornel. Alinishika bega. Ng'ombe wamerudi kwa Mwigulu, nimewasikia wakipita.

22 Machi

Leo sina la kuandika.

2 Aprili

Mvua kila siku. Pamba inafunga vitumba.

5 Aprili

Pasaka. Sikwenda.

12 Aprili

Jambo la ajabu. Tangu Noela aondoke, wanawake wanakuja. Si kwa huruma. Naona ni hofu. Walidhani mtoto hutolewa kwa kamba na wajomba na baba wakubwa. Sasa wamemwona aliyesukumwa na ukimya wao mpaka akajipeleka mwenyewe, na kila mmoja ana wa kwake nyumbani. Leo amekuja Sesilia, ambaye binti yake yuko kidato cha kwanza. Alikaa, akanywa uji, akasema, "Mimi nilinyoosha mkono ule siku ile." Nikamwambia najua. Akasema, "Nilinyoosha kwa sababu wewe uliyekuwa mbele yangu ulinyoosha." Nikamwambia mimi nilikuwa katikati, natengwa. Akafikiri kidogo. "Basi sijui nilimwangalia nani," akasema.

26 Aprili

Tuliotengwa ni wengi kuliko mbuzi wanaoweza kukusanywa. Kwenye pampu kuna foleni mbili, na ya kwetu ndiyo yenye kelele.

3 Mei

Bernadina, mke wa Ngusa mwenyewe, amenisalimia. Kuna mtu wa Nyahanga ameleta posa kwa binti yao, naye amemwambia mumewe: "Pokea ng'ombe wao, kisha unitenge na mimi." Ngusa amewarudisha wageni. Kijiji kizima kinajua.

10 Mei

Hakuna aliyetangaza kwamba hukumu imefutwa. Imepotea tu, kama ukungu. Mwenye duka amenipimia chumvi akaniongeza na kiberiti. Stanslaus amesimamisha pikipiki: "Shikamoo mama, panda nikusogeze." Nilimwambia nakwenda karibu. Mwanamke wa kisimani ameniambia, mkono kifuani, "Mimi sikuwahi kukutenga, mama Noela, Mungu anajua." Nadhani anaamini kabisa.

Nilidhani siku hii nitafurahi. Wanavyonisalimia sasa ndivyo walivyoninyima wakati ule, wote kwa pamoja, wakiangaliana.

24 Mei

Tumeanza kuchuma. Pamba ya mistari iliyopinda ni nyeupe sawa na ya wengine.

1 Juni

Nilipita karibu na bati jekundu. Noela alikuwa anafagia. Tulisalimiana kama watu wa mitaa miwili tofauti. Amekonda. Nikamwambia shule bado inampokea, mwalimu ameniambia. Akasema, "Wamezoea kunisalimia hapa, mama. Niache kwanza."

14 Juni

Dagashida. Uwanja uleule. Safari hii nilipewa kiti.

Ngusa alisema kwa upole wake uleule kwamba kijiji kimetafakari. Dunia inabadilika. Kuanzia leo binti yeyote hatatolewa shule kwa ajili ya ng'ombe, na nyumba itakayopokea au kutoa, itatengwa. Watu walipiga makofi, vigelegele vikapanda. Mzee wa mstari wa mbele, aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono Novemba, akasimama akaeleza kwamba hili lilikuwa wazo lake tangu zamani. Mwigulu akasimama, akatubu mbele ya watu, akasema ng'ombe atawarudisha, na akapigiwa makofi kuliko wote. Zipora alichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya wanawake. Nilimkumbatia. Nilikuwa na furaha kwa dakika chache, naiandika ili nisije kukana.

Kisha Zipora akasema, "Sheria isiyo na meno ni hadithi. Tuanze na nyumba ambayo hata sasa ina mwanafunzi ndani. Nyumba ya Cornel."

Nikasimama. "Cornel hayupo pale. Pale yuko bibi kizee na mwanangu."

"Tunajua, mama Noela," Ngusa akasema. "Ndiyo maana tunataka wewe unyooshe mkono wa kwanza. Hii ni sheria yako."

Uwanja mzima ukanigeukia. Sijawahi kuangaliwa kwa upendo na watu wengi hivyo. Nikasema, "Mtu hatengwi. Nimekaa ndani ya kutengwa, nawaambia. Mfungeni Cornel, mpelekeni mahakamani, lakini msimnyime salamu mtoto." Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kwa huruma, "Uchungu wa mzazi." Wengine wakaitikia, mmh.

Zipora akainua mkono. Safari hii aliunyoosha mpaka juu, kiwiko kikanyooka. Wa mbele wakafuata. Kisha wa katikati. Sesilia. Bernadina. Mama wa Kigoma akaniangalia, akawaangalia wao, na wake ukapanda pia. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Ilikuwa mizito kama mawe ya kusagia.

16 Juni

Kwenye pampu leo. Noela alifika na ndoo. Foleni ikarudi nyuma, mpini ukaachwa unaning'inia. Alijaribu kupampu na kukinga peke yake. Pampu yetu inataka watu wawili. Maji yalimwagika miguuni. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyecheka. Walimwangalia kwa wema, kama watu wanaomwangalia mgonjwa akichomwa sindano.

Nikatoka kwenye foleni. "Mwangaluka, Noela."

Akasema kwa sauti ya chini, "Usinisalimie, mama. Watakuona."

"Wanaona."

Nikashika mpini. Alikinga. Ndoo ilipojaa, akaniambia bila kuinua uso, "Umewafundisha vizuri." Akajitwisha, akaondoka.

17 Juni

Zipora kaja na kosa langu. Alisimama nje ya uzio.

"Umevunja, mama Noela. Inabidi nikuulize kama utatoa mbuzi."

"Zipora. Ulichimba kaburi na mimi."

"Nilichimba ili tufike hapa." Aliangalia upande wa kaburi. "Nikimwachia wako, kesho kila mama atataka wake aachiwe. Unafikiri mimi napenda?"

"Sifikiri unapenda. Novemba pia hakuna aliyekuwa anapenda."

Nilimwambia mbuzi sitoi. Akatikisa kichwa, akafungua mdomo kuniaga, akakumbuka, akaufunga. Namwandika hapa jinsi alivyo: mwanamke jasiri kuliko wote niliowahi kuwajua. Na leo ndiye ninayemwogopa.

19 Juni

Pamba yangu imekataliwa kupimwa hapa. Nitaipeleka kijiji cha tatu.

22 Juni

Jioni nilikuwa nafunga marobota, nikasikia hodi. Hakuna mtu wa kunipigia hodi tena, nikadhani ni masikio. Ikarudiwa.

Noela alikuwa amesimama na mfuko wa rambo, kitenge kimechakaa pindo.

"Karibu," nikamwambia.

"Bibi wa kule amehamishiwa kwa ndugu zake Ibadakuli. Nilibaki peke yangu." Alivua kandambili, akaingia, akakaa mahali pa Bibi Minza. "Sasa hata kule hawanisalimii. Huku na kule ni mamoja."

Nikamwekea ugali na mlenda. Alikula wote.

Wanakijiji watasema sheria imefanya kazi, na watakuwa na haki, maana mtoto amerudi. Sare ilikuwa bado kwenye sanduku. Aliitoa, akaipima, inampwaya. Akaomba sindano. Nimekaa hapa namwangalia akishona, na sijui nimshukuru nani. Sitaki kumshukuru yeyote.

"Mama," amesema sasa hivi, bila kuinua kichwa, "kesho asubuhi uniamshe kwa sauti. Uniite jina langu."